Upepo wa matairi ya remorki: mwongozo kamili kwa anayekokota mzigo kutoka Lubumbashi

Dereva anayekokota remorki (trela) hana habari na matairi yaliyo nyuma yake. Tairi la mbele la gari likipungua upepo, usukani unavuta upande. La nyuma likipungua, kiti kinakuambia. La remorki halisemi kitu. Unaweza kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na tairi lililobakiza nusu ya upepo, ukapita malori ya shaba, ukaongeza mwendo, na wa kwanza kujua akawa dereva anayekufuata, akikuwashia taa kwa sababu vipande vya mpira vinarukia kioo chake. Remorki ya ekseli mbili ndiyo inayodanganya zaidi. Tairi moja likilala, la pili la upande huohuo linabeba mzigo wa mawili, linapata moto, nalo linafuata baada ya kilomita chache.

Kipo kifaa cha kukupa habari hiyo ukiwa umekaa kwenye usukani: vihisi vidogo kwenye kila tairi, vinavyotuma presha na joto kwa redio mpaka kwenye kioo kidogo mbele yako. Siku hizi vinapatikana mjini na kwa kuagiza. Tatizo ni kwamba vingi vinapiga kelele kila asubuhi mpaka mwenyewe anachoka na kuvizima, na vingine vinanyamaza hadi tairi linapasuka. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila namba alizoziingiza mtu ndizo mbovu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya namba.

Gari lako halioni remorki

Usidhani kwamba kwa kuwa dashibodi ya gari lako ina taa ya upepo, remorki nayo imo. Marekani ililazimisha mfumo huu kwenye magari madogo yote mapya tangu Septemba 2007, kufuatia sheria ya mwaka 2000 iliyotungwa baada ya ajali za matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer. Ulaya ilifuata kwa magari madogo mapya yote tangu Novemba 2014. Sheria hizo zilihusu gari lenyewe. Ulaya sasa inaudai mfumo huo hata kwenye trela mpya zinazozidi tani 3.5, lakini remorki ndogo tunazofunga nyuma ya pikapu bado zimeachwa nje.

Kuna pia magari ambayo hayana vihisi vya upepo kabisa: kompyuta inalinganisha tu kasi ya magurudumu kwa kutumia vihisi vya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasikwame), kwa sababu tairi lililopungua linazunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kujua lolote kuhusu gurudumu lisilo lake. Hata ukiwa na gari lenye vihisi halisi, usinunue vihisi vya ziada ukitumaini gari litavipokea. Yale ya Marekani na Japani husikiliza mawimbi ya megahezi 315, ya Ulaya 433.92. Pikapu chache mpya za Marekani, kama Ford F-150 na Chevrolet Silverado, zinaweza kusajili matairi ya remorki, tena si za kila toleo. Sisi wengine tununue seti inayojitegemea, yenye kioo chake.

Ukinunua, angalia mambo haya: iweze kuonyesha presha kwa bari, ifike angalau bari 7, itumie betri unazoweza kubadilisha mwenyewe (CR1632 ni ya kawaida), na ionyeshe namba za matairi yote kwa pamoja. Ile inayokaa kimya hadi kuwe na shida, mimi siitaki. Sababu utaiona huko chini.

Ndani ya tairi au juu ya valvu

Vihisi vya ndani hufungwa kwenye rimu, chini ya valvu. Havionekani, haviibiwi, na joto vinalisoma vizuri zaidi kwa sababu vinakaa ndani ya upepo wenyewe. Lakini fikiria nani atakayelitoa tairi hilo siku likitoboka. Kwado (fundi wa matairi) wa pembeni ya barabara ya Likasi anafanya kazi kwa nyundo na vyuma viwili virefu, na chuma cha kwanza mara nyingi anakiingiza karibu na valvu. Kihisi kinavunjika kabla hujamaliza kumweleza. Kwa remorki inayotembea nje ya mji, chukua vya nje, vinavyofungwa juu ya valvu mahali pa kifuniko.

Vya nje vina adui mmoja, nayo ni valvu ya mpira. Kihisi kina uzito wa gramu chache tu, ila gurudumu likizunguka kwa kasi uzito huo unaivuta valvu kuelekea nje, na kwenye mashimo inachezacheza. Mpira uliozeeka unapasuka kwenye shingo yake, na kifaa ulichonunua kulinda tairi kinakuwa ndicho kilichomaliza upepo. Tena valvu za mpira za kawaida zimetengenezwa kwa presha isiyozidi takriban bari 4.5 tairi likiwa baridi, na matairi mengi ya remorki za mizigo yanajazwa hapohapo. Mwambie kwado aweke valvu za chuma, zile za kufungwa kwa nati. Afanye hivyo kwa matairi yote siku moja, na la akiba pia.

Kwanza tafuta namba yako

Usifungue boksi la kifaa kabla ya kujua presha sahihi ya matairi yako. Soma ubavu wa tairi. Utakuta ukubwa, kisha namba ya mzigo. Tairi la 185R14C, ambalo tunalijua kwenye mabasi madogo, kwa kawaida lina namba 102, maana yake kilo 850 kwa tairi likiwa na bari 4.5. Tairi la gari dogo la 185/65R14 lenye namba 86 linabeba kilo 530, kwa bari 2.5 tu. Remorki nyingi zinazochomelewa hapa mjini zinavalishwa matairi ya aina hii ya pili kwa sababu ni rahisi kuyapata. Hesabu basi: ekseli moja yenye matairi hayo haipaswi kubeba zaidi ya kilo 1,060, pamoja na uzito wa remorki yenyewe. Ukiweka magunia ya makala (makaa) mpaka juu au samaki wa Kasenga na barafu yake, umeshapita, na hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Kwa remorki, jaza presha kamili inayolingana na mzigo ulioandikwa kwenye ubavu. Kwenye gari tunapunguza kidogo ili abiria wasirushwe, lakini remorki haina abiria, na tairi laini linajikunja kila mzunguko na kujipika kwa joto lake lenyewe.

Ukiwa bado umechuchumaa, tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Remorki hukaa sana juani na matairi yake huzeeka kabla ya kuchakaa. Tairi lililopita miaka sita, lenye nyufa ndogo ubavuni, halistahili kihisi. Libadilishe kwanza, hata kama bado lina meno, na hata kama muuzaji wa matairi ya mtumba anakupigia teke mbele yako akisema, “Mukubwa, iko muzuri.”

Matairi ya nyuma ya gari nayo yamo kwenye hesabu. Remorki iliyopakiwa vizuri huweka takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya kiungo cha gari. Angalia kibandiko kwenye mlango wa dereva: kina namba mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Ukikokota, nyuma tumia ya gari lililojaa.

Kujaza tairi likiwa baridi, na mlima tunaoishi juu yake

Namba zote hizo ni za tairi baridi, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi na jua halijalipiga. Kwetu hiyo ni asubuhi na mapema. Shida ni kwamba kwado yuko kilomita tatu kutoka nyumbani, na ukifika kwake tairi si baridi tena. Dawa yake ni kuwa na manometa (kipima upepo) yako mwenyewe. Pima nyumbani kabla ya kuwasha gari, andika kila tairi limepungukiwa ngapi. Kama la kushoto limepungukiwa 0.4, ukifika mwambie kwado asome anachosoma, kisha aongeze 0.4 juu yake. Usimwambie ajaze mpaka 4.5. Manometa yake ikisema kilo badala ya bari, tofauti ni ndogo mno, iache. Paundi za kifaa kutoka Marekani ndizo za kuangalia: 65 ni sawa na bari 4.5, na 36 ni sawa na 2.5.

Sasa funga vihisi. Kila kimoja kina alama ya nafasi yake, au unakisajili kwenye kioo kwa kubonyeza kitufe na kukizungusha kwenye valvu ili kishike upepo. Tumia vidole tu, bila koleo. Paka maji ya sabuni kuzunguka kiungo na usubiri dakika nzima. Povu likifura, kifungue, safisha valvu, rudia. Kisha linganisha kioo na manometa, tairi kwa tairi.

Hapo watu wengi wa Lubumbashi hudhani wameuziwa kitu kibovu. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku inasukuma kwa karibu bari 0.88, si 1.01 kama pwani. Baadhi ya vihisi hupima presha yote ya ndani ya tairi kisha hutoa ile ya pwani. Matokeo yake vinasoma pungufu kwa karibu 0.13. Goma, kwenye mita 1,500 hivi, pengo linafika karibu 0.16. Kama vihisi vyote vinapungua kwa kiasi kilekile, sababu ni hiyo, na manometa ndiyo ya kuaminiwa. Usiongeze upepo kulifuata pengo hilo, jua tu kwamba lipo. Kama ni kimoja tu kinachotofautiana na wenzake, hicho ndicho kibovu, au valvu yake inavuja.

Kuweka mipaka ya kengele

Kifaa kitakuuliza mipaka mitatu: presha ya chini, presha ya juu, na joto. Ukiacha namba za kiwandani, huenda ziliwekwa kwa gari dogo la bari 2.3.

Chukua tairi la bari 4.5. Mwezi wa saba, alfajiri, Lubumbashi inaweza kushuka hadi nyuzijoto 8. Umejaza wakati huo. Mchana inafika 26, na tairi lililosimama tu limepanda hadi karibu 4.8. Ukiendesha na mzigo hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, unasoma karibu 5.3. Hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo ukiweka kengele ya juu kwenye asilimia 15, italia kila safari kabla ya Likasi. Weka asilimia 25 juu ya namba ya baridi, yaani 5.6.

Upande wa chini ni kinyume chake. Aliyejaza mwezi wa kumi, kivulini kwenye nyuzi 30, akaja kuwasha gari asubuhi ya mwezi wa sita kwenye nyuzi 6, atasoma karibu 4.1 hata kama hakuna upepo uliotoka. Akiwa ameweka kengele kwenye asilimia 10, yaani 4.05, inaweza kulia. Anaongeza upepo, sawa, na kwa kweli anapaswa kuongeza, lakini mwenye gari kwa kawaida hafanyi hivyo: anazima sauti. Weka asilimia 15, yaani karibu 3.8, kisha rekebisha upepo majira yanapobadilika.

Joto liweke nyuzi 70. Kihisi cha nje kinapigwa na upepo wa safari na kinasoma chini ya hali halisi ya ndani, kwa hiyo usiuinue mpaka huo.

Ukimaliza, fungua kihisi kimoja kabisa. Kengele isipolia, rudi mwanzo. Hakuna safari kabla ya jaribio hilo.

Kama remorki ni ndefu au bodi yake ni ya chuma, namba za matairi ya nyuma zitapotea mara kwa mara. Seti nyingi huuzwa pamoja na kiongeza mawimbi, kisanduku kidogo cha volti 12 kinachofungwa mbele ya remorki. Fundi wa umeme atapenda kukiunga na waya wa taa kwa sababu uko karibu. Mkatalie, au ukubali kuendesha na taa zikiwaka mchana kutwa, maana taa zikizimwa nacho kinazima.

Barabarani: usingoje kengele

Kengele ya presha ya chini inahesabu kutoka kwenye namba ya baridi, wakati tairi linavuja likiwa limepata moto. Tairi letu la 4.5 liko njiani na linasoma 5.3. Msumari unaingia karibu na Lumata. Linashuka: 5.0, 4.6, 4.2. Kengele iko kimya, kwa sababu mpaka ni 3.8. Itakapolia, tairi limeshapoteza zaidi ya robo ya upepo liliokuwa nao, na limebeba mzigo kilomita zote hizo. Vifaa vizuri vina kengele ya pili inayohisi presha ikishuka haraka, nayo inasaidia kwenye tundu kubwa. Tundu dogo la msumari inaliacha lipite.

Ndiyo maana nataka kioo kinachoonyesha namba zote. Kilomita 20 au 30 baada ya kuondoka, matairi yakishapata moto, tazama na ushike namba akilini. Baada ya hapo unalinganisha tairi na jirani yake, na presha ya sasa na ya nusu saa iliyopita. Matairi ya ekseli moja hupanda pamoja na hushuka pamoja. Lile linaloachana na wenzake ndilo la kusimamia.

Upande mmoja wote ukiwa juu kidogo asubuhi, mara nyingi ni jua: ukielekea Kasumbalesa jua la asubuhi linakupiga kushoto. Upande mmoja ukibaki juu mpaka jioni, mzigo umelala upande huo. Yote yakipanda pamoja kupita kawaida, punguza mwendo. Joto la gurudumu moja likipanda na presha yake ikapanda sawia, bila kuvuja, usilishuku tairi. Ni rulema (beringi) iliyokauka grisi au breki iliyong’ang’ania. Simama, sogeza nyuma ya kiganja karibu na kitovu cha gurudumu bila kukigusa, linganisha na cha upande wa pili. Nimeona watu wakibadilisha tairi zima kabisa kwa sababu ya joto, na gurudumu likachomoka mbele ya safari kwa rulema ileile.

Namba za kituo cha peaji (cha kulipia barabara) ni nzuri kuliko zote, kwa sababu umesimama na unaweza kuzunguka remorki huku unakumbuka kioo kilisema nini.

Kengele ikilia

Usikanyage breki kwa nguvu. Remorki yenye tairi lililolala inataka kukaa pembeni, na breki kali inaisaidia. Shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za hatari, acha mwendo ushuke wenyewe, kisha toka kabisa kwenye lami mahali pagumu. Malori ya barabara kuu ya RN1 hayana nafasi ya kukukwepa, kwa hiyo weka pembetatu mbali nyuma, na wenzako washuke upande wa kichakani.

Kama ni presha ya juu, usitoe upepo. Tairi moto lililopunguzwa litakuwa na upungufu mkubwa likipoa, na kesho litapata moto zaidi. Pumzika, lipoe.

Kama ni presha ya chini na tairi bado lina umbo, tafuta msumari, ongeza upepo kwa kompresa ya volti 12 na ufuatilie kioo. Ukiona linashikilia, unaweza kufika kwa kwado polepole. Lakini tairi lililotembea likiwa limelala usilijaze tena, hata kama kwa nje linaonekana zima. Nyuzi za ubavuni zimekunjwa na kuungua, na linaweza kupasuka usoni mwa anayelijaza. Kwenye remorki ya ekseli mbili kagua pia lile jirani, lilikuwa limebeba mzigo wa wote wawili. Dawa za kuziba zinazomiminwa kupitia valvu ziepuke: zinakauka ndani ya valvu na kuziba tundu dogo la kihisi.

Baada ya kubadilisha tairi, hamisha kihisi kwenye valvu ya la akiba. Watu husahau, kisha kioo kinasema sifuri mpaka Kolwezi.

Remorki ikipumzika

Ukiifungua remorki na kuiacha, zima nafasi zake kwenye kioo, la sivyo kitakulilia kwamba hakipati mawimbi. Kwa usiku mmoja kwenye maegesho ya Kasumbalesa mimi navifungua vihisi na kulala navyo mfukoni. Seti nyingi zina nati ya kuzuia wizi, lakini inakulazimu kutafuta spana kila unapotaka kuongeza upepo, na mtu anayechoka kutafuta spana huacha kuongeza. Betri za CR1632 zibadilishe zote kwa pamoja, karibu mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Novemba, na uangalie kama mpira mwembamba unaozuia maji kwenye kila kihisi bado ni mzima. Remorki itakayokaa wiki kadhaa ivue vihisi na uzirudishie valvu vifuniko vyake vya plastiki siku hiyohiyo. Vumbi jekundu likishaingia kwenye valvu, hata kihisi kipya kitavujisha.